Wageni wa Kwanza wa Kisiwa cha Mbayuwayu

Gari lilipiga honi mara moja tu mlangoni petu Makorora, na mtaa mzima ukatoka nje. Lilikuwa gari jeusi, limefutwa likafutika, hata watoto wakaanza kujitazama ubavuni mwake kama kwenye kioo. Dereva alishuka, akavua kofia.

"Shikamoo mama. Nimetumwa na Madamu Eleni. Nimekuja kuwachukua wageni wa kisiwani."

Mama yangu, Bi Semeni, aligeuka akatazama nyuma yake.

"Wageni ni sisi, mama," nikamwambia.

"Najua ni sisi," akajibu kwa ukali, huku akivuta buibui lake vizuri. "Natazama kama nimefunga mlango wa uani."

Mwaka huo wa 1956 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kwa miezi mitano mfululizo nilikuwa nimeinama juu ya cherehani nikishona vitu vya hoteli mpya ya Kisiwa cha Mbayuwayu: vyandarua, mapazia, foronya, vitambaa vya meza. Hoteli yenyewe sikuwa nimeiona. Vipimo nilivipata katika bohari ya Madamu mjini, karibu na bandari, nami nikashona kwa kufuata vipimo. Wageni wenyewe hasa, watu wa Nairobi na Ulaya, walikuwa waanze kuingia Jumamosi. Lakini Madamu Eleni, mjane wa Kigiriki aliyeuza shamba la mkonge la marehemu mumewe ili aijenge hoteli hiyo, alikuwa na mambo yake. Hakutaka watumishi wake wajifunzie kazi kwa wageni wa mbali. Basi akatualika sisi tuliomfanyia kazi, seremala, mwashi, na mimi mshonaji, tukalale kisiwani siku moja, tutumikiwe kama wao watakavyotumikiwa, halafu tuseme penye kasoro. "Njoo na mtu wa nyumbani kwako," aliniambia.

Mtu wa nyumbani kwangu alikuwa mmoja tu, na mtu huyo hakuwa amekanyaga chombo cha baharini kwa miaka kumi na saba.

Baba yangu alikuwa mtia makaa katika meli. Nilipokuwa na miaka mitano aliondoka Tanga kwa safari ya miezi mitatu, akashuka Durban, na hakupanda tena. Hakufa. Ilikuja barua moja tu, ikasema tusimngoje. Mama alimngoja hata hivyo, miaka minne, ndipo akaenda kwa kadhi kuomba ndoa ivunjwe. Tangu hapo mtu wa meli, kwake yeye, alikuwa mtu aliyekwisha kuondoka, hata kama amekaa mbele yake anazungumza.

Na mimi, kwa bahati yangu, nilikwenda kumpenda mtu wa meli.

Jina lake Uweso, mwenyeji wa Kigombe. Alikuwa ametumika miaka sita katika meli ya abiria, akiandika meza na kutandika vitanda vya matajiri, kisha akaacha. Madamu alimchukua awe mkuu wa watumishi wa hoteli yake. Tulionana katika ile bohari. Yeye alishika ncha moja ya utepe wa kupimia, mimi nikashika ya pili, na siku ile ya kwanza tulipima meza moja mara nne, kila mara tukapata kipimo kingine, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitazama meza.

Shangazi yake, Bi Kijakazi, alileta posa kwetu mara mbili. Mara ya kwanza mama alisema atafikiri. Mara ya pili alishajua kijana ametoka wapi. "Kamwambie mwanao," alisema, "sina binti wa kumpa boi wa meli." Sura ya Uweso hakutaka kuijua. Aliikataa posa bila kumwona mposaji, na mimi nikazidi kushona usiku na mchana ili nipate mahali pa kuficha macho yangu.

Uweso alikuwa amepelekwa Mombasa kupokea vyombo vya hoteli, na niliambiwa harudi mpaka Ijumaa. Siku yetu ilikuwa Alhamisi. Kama si hivyo, nisingethubutu kumchukua mama.

*

Bandarini boti ya injini ilikuwa ikitungoja, nyeupe, ina paa la turubai la milia na viti vya kukunja vyenye mito. Mito ile niliijua. Niliishona mwenyewe. Lakini sikuwa nimeiona ikikaliwa, na nilipoketi juu yake nilihisi nimekaa mahali pa mtu mwingine.

Mama aliketi, akanishika mkono kwa vidole vyake vyote vitano, akafumba macho. Midomo yake ilikuwa ikisoma. Nahodha, mzee mmoja aitwaye Haji, alimtazama, akanitazama, akawasha mtambo taratibu.

Bahari ya asubuhi ile ilikuwa imelala. Sijaona tena maji ya namna ile. Yalikuwa kijani karibu nasi, kisha samawati, kisha rangi nisiyo na jina lake, na boti ilipita juu yake kama pasi ya moto juu ya kitambaa cha hariri. Upande wa bara mashamba ya mkonge yalikwenda mistari kwa mistari, na nyuma yake milima ya Usambara imesimama mbali, myepesi, kama imechorwa kwa moshi. Mtumishi alituletea maji ya ndimu yenye vipande vya barafu. Nikakishika kile kibilauri kilichotoka jasho, nikasikia baridi inanipanda mpaka kiwiko.

Baada ya muda mrefu mama akauliza, macho bado kayafumba, "Wanangoja nini hawaondoki?"

"Tumeshapita kisiwa cha Yambe, mama."

"Usinifanyie mzaha."

"Wallahi, mama. Karange ile pale mbele."

Akafumbua jicho moja, kisha la pili. Aliitazama Tanga yote nyuma yetu, imekuwa ndogo kama sahani. Aligeuka upande huu, akageuka upande ule, na mkono wake ukalegea juu ya wangu.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. "Sikusikia hata ilipong'oka."

Hakufumba macho tena. Kisiwa kilipotokea, yeye ndiye aliyekiona kwanza, akanionyesha kwa kidole kama mtoto. Mchanga wake ulikuwa mweupe wa kuumiza macho. Juu ya mchanga minazi, na kati ya minazi nyumba ndefu yenye kuta nyeupe, baraza pana na madirisha mengi, na katika kila dirisha pazia langu linapepea. Nilisimama bila kujua nimesimama. Miezi mitano vitambaa vile vilikuwa lundo sakafuni kwetu. Sasa vilikuwa vinapumua.

"Sabiha," mama akasema. "Yale mapazia ni yako?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

Wakati huo nilikuwa nimemwona mtu gatini. Amevaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni, tarbushi nyekundu. Moyo wangu ulimtambua kabla ya macho. Nikakaa tena kitini.

Alikuwa Uweso.

*

Maji yalikuwa yamekupwa, na ngazi ya gati ikawa mbali kidogo na boti. Seremala akaruka, mwashi akaruka. Mama alifika ukingoni akatazama ule mwanya wa maji, na uso wake ukabadilika. Haji alimnyoshea mkono, mama akarudi nyuma.

"Nirudisheni," alisema. "Nimeona, yatosha. Nirudisheni mjini."

Uweso alishuka ngazi, akaingia majini na kanzu yake safi, maji yakamfika mapajani, akaibana boti kwa bega lake mpaka ikatulia. Kisha akatoa kitambaa kikubwa cheupe, akakizungusha kwenye mkono wake kutoka kiganjani hadi kiwikoni, akauinua mkono ule mbele ya mama kama ukingo wa ngazi.

"Shika hapa, mama," alisema. "Huu si mkono wa mtu, ni nguzo. Haisogei."

Mama aliutazama mkono ule. Mwanamke wa buibui hashiki mkono wa mwanamume asiyemjua, na kijana huyu alikuwa amelijua hilo bila kuambiwa. Akaushika. Akavuka. Alipofika juu, akageuka akamtazama kijana amesimama majini, kanzu imemganda.

"Umeharibu nguo yako, mwanangu."

"Itakauka, mama. Karibu Mbayuwayu."

Nilipopita mimi, macho yetu yalikutana kwa muda wa pumzi moja. Ndani ya macho yake mlikuwa na Mombasa yote, na siku zote ambazo hatukuonana. Nikainamisha kichwa.

*

Chumba chetu kilikuwa cha juu. Ruthi, msichana wa Kibondei aliyekuwa mtumishi wa vyumba, alitufungulia, akasimama pembeni tupite. Mama hakupita. Alivua viatu kwanza.

"Ingia navyo tu, mama," Ruthi akamwambia.

"Sakafu hii?" mama akajibu. "Sakafu hii inaonyesha uso wangu!"

Kitanda kilikuwa kipana kama chumba chetu cha Makorora, na chandarua changu kimekunjuliwa juu yake kutoka darini. Pangaboi lilizunguka polepole bila kelele. Ruthi akafungua mlango wa upande, akatuonyesha hodhi jeupe la kulalia, na mifereji miwili: huu wa maji baridi, huu wa maji moto.

"Nani anayachemsha?" mama akauliza.

"Mtambo, mama."

"Sasa hivi?"

"Saa zote."

Mama aligeuza mfereji, akatia kidole, akakitoa upesi. Alitutazama sisi wawili, akatutoa nje, akafunga mlango. Alikaa humo hata adhuhuri ikaingia. Nilisikia maji yakimwagika, yakinyamaza, yakimwagika tena, na katikati yake nikasikia jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu utoto wangu: mama alikuwa akiimba.

Chakula cha mchana kiliandikwa barazani, mbele ya bahari. Vitambaa vyangu vilikuwa mezani, na juu yake visu na uma zimepangwa, tatu kulia, tatu kushoto, zinametameta. Seremala alizitazama zile uma akaficha mikono chini ya meza. Mama alikaa wima kama mtu aliyeitwa barazani kwa liwali. Nilijua anafikiri nini. Alikuwa anafikiri namna ya kusema kwamba hana njaa.

Uweso alitokea, amebadili kanzu. Alizitazama nyuso zetu. Kisha kwa mkono wake mwenyewe akapita meza zote, akazikusanya uma na visu, na nyuma yake watumishi wawili wakaja na birika na matasa ya kunawia.

Madamu Eleni aliinuka kitini kwake. "Wewe! Unafanya nini? Wageni wa Jumamosi watakula kwa uma."

"Uma zitarudi Jumamosi, Madamu," alisema kwa adabu. "Wageni wa leo ni hawa."

Madamu akacheka, akakunja mikono ya gauni lake, akamwita mtumishi wa birika amnawishe na yeye.

Uweso mwenyewe ndiye aliyeleta sahani ya mama. "Kuku amechinjwa jana na shekhe wa msikiti wetu, mama, nami nilisimama nikaona. Sufuria zake ni za peke yake. Samaki ni nguru wa asubuhi hii."

"Nani alikwambia nitauliza?"

"Mama yangu angeuliza."

Mama akala. Alikula kwa heshima, halafu akala kwa raha. Ilipokuja barafu ya maziwa, aliionja kidogo, akaweka kijiko chini, akatazama bahari. Macho yake yalikuwa na maji.

"Ina nini, mama?" nikamwuliza.

"Haina kitu," alisema. "Nafikiri tu kwamba nimefika umri huu, na vitu hivi vilikuwapo duniani."

Kisha akaninong'oneza, akimtazama Uweso anavyopita kati ya meza, "Yule kijana. Aliyemzaa yule amezaa. Natamani kujua ana mke."

Nikaiinamia sahani yangu.

*

Mama alipolala kidogo baada ya sala, nilishuka. Nilimkuta Uweso nyuma ya baraza, penye kivuli cha mti wa mkungu, anakunjua kamba za nguo. Alinisikia kwa nyayo, akasimama bila kugeuka.

"Umezidi kukonda, Sabiha," alisema.

"Kwa nini uko hapa? Waliniambia Ijumaa."

"Nilipata lori la juzi. Madamu aliponitumia orodha ya wageni nikaona jina lako, ningengoja Ijumaa?" Akageuka. Hatukuwa karibu; kulikuwa na kamba mbili na shuka moja kati yetu, na upepo ukaijaza ile shuka ikatuficha, ikatufunua, ikatuficha. "Nimeota mara nyingi kukuona humu. Lakini katika ndoto hukuwa na hofu usoni."

"Mama hajui kama ni wewe."

"Nimeona."

"Basi usimwambie. Nakuomba. Amefurahi, Uweso. Hujui ni miaka mingapi sijamwona hivi. Anakusifu. Anauliza una mke. Mwache akuzoee kwanza, halafu mimi nitatafuta siku..."

"Hapana."

"Ni siku moja tu!"

"Sabiha, sikiliza. Ameniita mwanangu. Ameshika mkono wangu. Akija kujua kesho kwamba nilikuwa namtumikia huku nimeficha jina, kila nilichofanya leo kitageuka mtego. Hata ile nguo niliyoilowesha. Atasema nilijua ninachokitafuta."

"Na hukujua?"

Uso wake ulikuwa na haya na ukweli kwa pamoja. "Nilijua ni mama yako," alisema. "Sikujifanya sijui. Lakini angekuwa mama wa mtu yeyote, maji yangekuwa yale yale na ningeingia."

"Ukimwambia atanikataza hata kutaja jina lako. Nitakupoteza leo hii, mahali hapa pazuri, na nitapakumbuka maisha yangu yote kwa uchungu."

"Nikimficha, nitakupata kwa jina la mtu mwingine," alisema. "Sitaki."

Nililia kwa hasira, nikaondoka. Nilimpenda sana wakati ule, na nilitamani awe mtu mwepesi zaidi kidogo.

*

Haikuchukua muda. Saa kumi tuliletewa chai kwenye baraza ya chumba chetu, na aliyeileta alikuwa Uweso. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa milima, na maji yote mbele yetu yalikuwa yamegeuka dhahabu. Mama alikuwa amekaa katika kiti cha kulalia, miguu juu, ametulia.

"Kaa kitako kidogo, mwanangu," alimwambia. "Tangu asubuhi hujakaa."

"Nikiwa kazini sikai, mama. Ahsante."

"Jina lako nani? Nimekula chakula chako, sijakuuliza."

Nilimwangalia Uweso kwa macho ya kumsihi. Aliniona. Akaweka sinia mezani taratibu, akasimama wima.

"Naitwa Uweso, mama. Kwetu Kigombe. Bi Kijakazi ni shangazi yangu. Mimi ndiye niliyemtuma kwako mara mbili."

Mama alishusha miguu chini. Alinitazama mimi kwanza, na mtazamo ule bado ninao. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyerudishwa mahali alipodhani amekwisha kutoka.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Sikujua atakuwapo, mama. Wallahi. Nilipomwona gatini nilijua."

"Na chakula chote kile, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Aliinuka, akaingia chumbani. Uweso aliinamisha kichwa, akatoka, na chai ikapoa pale ilipokuwa. Nilimfuata mama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anaupapasa mshono wa chandarua kwa kidole, hatua kwa hatua, kama anayehesabu tasbihi.

"Baba yako naye alikuwa mpole," alisema. "Watu wanadhani alikuwa mkorofi. Hakuwa. Aliniletea maji ya kunawa kila asubuhi. Ndiyo maana nilichelewa kuamini."

"Uweso ameacha meli, mama."

"Huacha, wakarudi."

"Angeweza kukaa kimya. Nilimwomba akae kimya. Nililia."

Mama akainua uso. "Ulimwomba anifiche?"

"Ndiyo."

"Naye akakataa?"

"Akakataa."

Akasimama, akavaa buibui lake, akaenda zake ngazini. Nikamfuata nyuma.

Uweso alikuwa katika chumba cha vyombo, peke yake, anafuta bilauri na kuzipanga safu kwa safu. Alipomwona mama akaacha kazi. Mama aliketi juu ya kasha la vyombo, mbele yake, kama mtu aliyefika sokoni kuuliza jambo moja tu.

"Umeshuka bandari ngapi?"

"Nyingi, mama. Zanzibar, Beira, Bombay, Durban."

"Durban." Aliutaja mji ule polepole. "Wako watu wa kwetu?"

"Wako. Walinikaribisha nyumbani kwao. Wameoa, wana watoto."

"Wanasemaje juu ya kwao?"

Uweso aliiweka chini bilauri aliyoishika. "Hawasemi kitu, mama. Hilo ndilo lililonitisha. Nilikula na mtu wa Pangani, miaka kumi yuko kule, na hakuuliza hata kama mvua imenyesha kwao. Hakuwa mtu mbaya. Aliahirisha kuandika siku moja, na ya pili, na ya tatu, mpaka akaona haya kuanza. Nikarudi melini nikakosa usingizi, maana niliona na mimi naweza. Nilimaliza safari ile, nikaacha."

Mbali, chini, nilisikia maji yakigusa mchanga.

"Umesema na wewe unaweza," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Mtu yeyote anaweza."

"Baba yake huyu aliniapia msahafu kwamba yeye hawezi." Alivuta pumzi ndefu. "Wewe ni wa kwanza kuniambia kweli."

Uweso akasema upesi, kana kwamba nafasi itamponyoka, "Kazi yangu ni humu kisiwani, miezi kumi kwa mwaka. Ukitaka niiache nirudi mjini, nitaiacha, mama. Nitatafuta nyingine."

"Nani amekwambia uiache?" Mama alikuwa mkali tena, na nilifurahi kuusikia ukali ule. "Leo nimevuka bahari na sikujua nimevuka. Nimeoga maji ya moto kama bibi harusi. Kazi hii unaijua, ifanye. Mimi nina neno moja tu. Yeye asikae upande mmoja wa maji na wewe upande wa pili. Hata mwezi. Ukiwa huku, awe huku. Ukitumwa Mombasa, aende Mombasa. Hilo utaliweza?"

Uweso akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, na machozi yakamtoka bila kuyafuta, mtu mzima yule, mkuu wa watumishi, kati ya bilauri mia.

"Na wewe, mama?" nikauliza. Ndipo nilipoelewa anachokitoa. Nyumba yetu ya Makorora ilikuwa na watu wawili tu. "Utabaki na nani?"

"Nina jirani. Nina miguu. Na boti ile si ipo?" Hakunitazama alipokuwa akisema. "Atalala wapi mwanangu? Sijasikia habari ya nyumba."

"Ipo, mama. Mkuu amepewa nyumba yake, vyumba viwili, nyuma ya minazi. Haijakaliwa."

"Nionyeshe."

Tulitoka sote watatu. Hewa ilikuwa na harufu ya chumvi na maua ya mkilua. Mbayuwayu walikuwa wamejaa angani, mamia kwa mamia, wakizunguka juu ya paa la hoteli kabla ya kushuka kulala, na mama alisimama njiani akawatazama, mdomo wazi, mpaka shingo ikamwuma. Uweso alisimama kandoni mwangu. Hakunigusa. Lakini mkono wa kanzu yake uliupapasa mkono wangu kwa upepo, nami sikuusogeza.

Nyumba ilikuwa ndogo, imepakwa chokaa, ina mlango wa buluu. Mama aliingia kwanza. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Aliingia chumba cha ndani akakipima kwa hatua zake, na nikajua anafikiri kitanda kitakaa wapi. Kisha akatoka uani, akakikuta kibanda cha jiko, akasimama ameshika kiuno, akatafuta upepo kwa uso wake.

Sisi wawili tulikuwa mlangoni, hatuthubutu hata kupumua.

"Jiko liko upande mbaya," alisema hatimaye. "Moshi wote utaingia chumbani kwa mwanangu. Mwambie Madamu wako alihamishe kabla ya harusi."